Anayejua Nati Imelegea Aseme



Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya Ziwa, magari ya abiria huanza safari zake katika pande zetu zote. Yako yatokayo Kaagya kwenda Bukoba mjini. Yako yapitayo Kyetema na Kemondo hadi Muhutwe. Yako yapandayo Kamachumu na kuendelea hadi Muleba. Ndani yake wamo akina mama wenye mikungu ya ndizi, wanafunzi, wagonjwa waendao hospitali, na wazee wanaofuatilia malipo ya kahawa yao. Hakuna hata mmoja aulizaye habari za nati na bolti zilizo chini ya sakafu aliyoikanyaga. Wote wanaamini kwamba yupo mtu aliyezikagua. Katika toleo hili tunapenda kuuliza: mtu huyo ni nani, na akiona kasoro humwambia nani?

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Magari mengi yabebayo abiria na mizigo huku kwetu hupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma kwa mhimili mrefu wa chuma unaozunguka chini ya gari, ambao mafundi wetu huuita propela shafti. Mhimili huo hufungwa kwenye difu kwa bolti chache, mara nyingi nne tu. Kazi kubwa ya bolti ni kubana. Ikikazwa sawasawa huvutika kidogo sana, kama mpira unaotaka kurudi, nayo huvibana vyuma viwili visiteleze. Ikikazwa pungufu, vyuma hivyo huanza kusuguana, bolti hupindapinda huku na huku mara maelfu, na mwisho hukatika. Kwa hiyo bolti iliyokatika leo huenda ililegea wiki kadhaa zilizopita, na kwa muda wote huo gari lilikuwa likisema: lilitetemeka, likagonga wakati wa kuondoka, likalia wakati wa kubadili gia.

Madhara yake si madogo. Bolti hizo zikikatika, magurudumu hutengana na injini, na dereva hawezi tena kutumia gia kupunguza mwendo. Kwa baadhi ya malori, ambayo breki yake ya mkono hushika mhimili huo huo, breki ya mkono nayo huwa imekwenda. Anayeteremka kutoka Kamachumu kuelekea Muhutwe hubaki na breki ya mguu peke yake. Na ikiwa ni ncha ya mbele ya mhimili iliyoanguka, yaweza kuchimba ardhi na kulirusha gari.

Huenda baadhi yenu mtasema kwamba hayo ni matatizo ya magari chakavu ya watu maskini. Sivyo. Mwaka 2009 kampuni ya Tesla ya Marekani iligundua kwamba katika magari yake ya michezo aina ya Roadster, ambayo moja liliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000, bolti za kitovu cha gurudumu la nyuma hazikukazwa inavyotakiwa. Kosa lilitokea katika kiwanda cha Lotus nchini Uingereza, ambako magari hayo yalikuwa yakiunganishwa. Magari 345 yalihusika. Kampuni ilikiri hadharani kwamba dereva angeweza kushindwa kulimudu gari lake, ikatuma mafundi hadi nyumbani kwa wateja, wenye spana mkononi, wakakaze bolti hizo. Lotus nayo iliyaita baadhi ya magari yake yenye kasoro hiyo hiyo.

Mwaka 2014 magari mawili ya Porsche 911 GT3 yaliungua huko Ulaya. Uchunguzi ulionyesha kwamba bolti moja ndani ya injini ilikuwa imelegea. Kampuni iliwaambia wenye magari ya aina hiyo, yote 785, waache kuyaendesha, kisha ikabadilisha injini ya kila gari. Na mwezi Juni 2022 kampuni ya Toyota, ambayo jina lake linajulikana hata kwa mtoto wa kijijini, iliwaambia wenye magari mapya ya bZ4X, takriban 2,700 duniani, wasiyaendeshe, kwa kuwa bolti za magurudumu zingeweza kulegea na gurudumu kuchomoka.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Kasoro ya bolti huwapata matajiri na maskini, kiwanda kikubwa na karakana ya chini ya mwembe. Tofauti iko katika kile kinachofuata baada ya kasoro kujulikana. Kule, aliyejua alilazimika kusema, na mwenye gari alikuwa na haki ya kuambiwa. Hapa kwetu, mara nyingi, aliyejua hunyamaza.

Ukimya huo huanzia mbali. Gari linapouzwa jipya huko Japani, kampuni humjua mwenye gari na mahali anapoishi. Kasoro ikigunduliwa, huandikiwa barua, na matengenezo hufanywa bila malipo. Lakini gari hilo likishatumika kwa miaka kumi au kumi na tano, likauzwa tena, likapakiwa melini hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo likasafiri barabarani hadi Kagera, uzi unaoliunganisha na kiwanda huwa umekatika. Barua, kama ipo, imekwenda kwa mtu ambaye halimiliki tena. Mamilioni ya magari ya nchi nyingi yaliitwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliyokuwa ikipasuka na kurusha vipande vya chuma. Ni wangapi miongoni mwetu wanaoendesha magari yaliyotumika waliokwisha kuuliza kama gari lao limo katika orodha hiyo?

Kisha ukimya huendelea nyumbani. Dereva husikia mlio chini ya gari. Akimwambia mwenye gari, huulizwa hesabu ya siku iko wapi. Akisisitiza, hukumbushwa kwamba vijana wanaotafuta kazi ni wengi. Fundi hufungua na kukuta bolti imekwisha. Badala ya kutafuta iliyo sahihi, huokota iliyo karibu kwenye kopo, kwa kuwa inaingia tundu. Muuza vipuri anajua kwamba bolti anazouza hazina alama yoyote kichwani, lakini mteja hakuuliza. Abiria naye husikia mlio huo huo, hutazama pembeni, akaomba tu afike. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hakuna anayeutamka.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuwalaani wenye magari. Tunafahamu kwamba wengi wamenunua gari kwa mkopo, kwa fedha za kahawa za miaka mingi au kiinua mgongo cha ualimu. Gari likilala siku mbili, ada ya shule ya mtoto hulala nalo. Wao pia wamedhulumiwa: waliuziwa gari bila kuelezwa historia yake na wakauziwa vipuri bandia kwa bei ya vipuri halisi. Lakini aliyedhulumiwa hapati kwa hilo ruhusa ya kuhatarisha maisha ya wengine. Hasara ya bolti nne yaweza kuhesabiwa kwa shilingi. Hasara ya roho moja haina hesabu.

Sheria za nchi haziko kimya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inagusa usalama wa bidhaa na hata kurudishwa kwa bidhaa zilizo hatari, nayo imeweka Tume ya Ushindani kumlinda mlaji. Shirika la Viwango lina wajibu juu ya ubora wa bidhaa, vikiwemo vipuri. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa mwaka 2019, ndiyo itoayo leseni kwa magari ya abiria. Lakini sheria huhitaji mtu wa kuiamsha. Ofisi haiwezi kulishughulikia lalamiko ambalo halikufikishwa, wala askari wa barabarani haoni bolti iliyofunikwa na matope.

Waamini wenzetu, Maandiko yalikwisha kulizungumzia jambo hili katika lugha ya wafugaji. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinatenganisha ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe bila kutarajiwa na ng'ombe ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa juu yake, asimfunge. Katika hali ya pili mwenye ng'ombe anawajibika kwa damu iliyomwagika. Kosa lake halikuwa kumiliki ng'ombe mkali. Kosa lake lilikuwa kujua, na kukaa kimya. Hapo ndipo ajali hugeuka kuwa dhuluma.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyopaswa kuchukua abiria 430, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Ni familia chache kati yetu ambazo hazikuguswa. Siku ile wengi waliona kwamba meli imeelemewa. Kuona peke yake hakukuokoa mtu.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo machache yanayowezekana katika jumuiya zetu.

Kwanza, mwenye gari achukue namba ya chasisi iliyoandikwa katika kadi ya gari, naye amwombe kijana wake mwenye ujuzi wa intaneti aitazame katika kurasa za kampuni iliyolitengeneza, ajue kama gari hilo liliwahi kuitwa kwa kasoro.

Pili, fundi asirudishe bolti iliyochoka wala asiweke isiyo na alama. Namba zilizo kichwani, kama 8.8 au 10.9, huonyesha nguvu ya chuma. Ya namba ndogo isichukue nafasi ya ile ya namba kubwa. Akaze kwa spana ya kupimia, kisha apake mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma inakokaa. Mstari ukikatika, hata utingo atajua kwamba nati imezunguka. Na gari lirudi kukaguliwa tena baada ya safari chache.

Tatu, mwenye gari na dereva wakubaliane, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba siku dereva atakaposema gari ni bovu hatadaiwa hesabu wala hatapoteza kazi. Bila ahadi hiyo, kumtaka dereva aseme ukweli ni kumtaka achague kati ya dhamiri yake na chakula cha watoto wake.

Nne, abiria wasione haya kuuliza, na kwa adabu kushuka. Viongozi wa walei wawe tayari kuandamana na mlalamikaji asiyejua njia ya kwenda ofisini, na kumsaidia kuandika barua. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Jumuiya ikilalamika husikilizwa.

Wenye magari yale ya kifahari walitumiwa fundi hadi mlangoni. Hatutarajii kwamba fundi wa kiwandani atafika Kaagya wala Kamachumu. Lakini kila gari letu lina dereva wake, fundi wake na abiria wake, nao wana masikio. Tukikutana wiki hii katika jumuiya, swali la kwanza na liwe hili: ni mlio gani tumeusikia, na bado hatujamwambia mtu?