Mbegu ya Nyuki

Sisi tukaao Kihonda, chini ya milima ya Uluguru, hatuhitaji kufundishwa kwamba mbegu huchaguliwa. Gunzi lililo bora haliliwi. Hutundikwa juu ya jiko lipate moshi, lingoje mvua. Jogoo dhaifu huchinjwa mapema asije akazaa dhaifu wenzake. Walakini likitajwa neno la nyuki, watu wale wale husema, "Malkia ni malkia tu."

Maneno hayo twayakataa. Tazameni desturi ya warina asali wengi. Mtu hutundika mzinga mtini, hungoja kundi lo lote lipitalo, na msimu ukifika huenda na mwenge, akachoma, akakata hata masega yenye watoto, na malkia akafa. Kisha hulalamika kwamba nyuki wa siku hizi ni wa kuhamahama. Nani aliyewafanya hivyo? Kundi lililotulia na kujaza asali ndilo lililotangulia kuchomwa, maana ndilo lenye faida. Kundi lililohama kabla ya moto liliokoka, likazaa. Basi mtu huyo amechagua mbegu pasipo kujua, na aliyoibakiza ni ile aichukiayo.

Wako wasemao, tuagize malkia wapole wa Ulaya. Hao wangeuliza habari za Brazili. Nyuki wa Ulaya walikuwako huko zamani, wala katika joto hawakutoa asali ya kuridhisha. Kwa hiyo mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alichukua malkia kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika, yaani nchi yetu hii, akakusudia kuwachanganya na kuchagua watulivu. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka kabla ya kazi kwisha. Uzao wao ulienea hata ukafika Texas mwaka 1990, na kwa ukali wao watu na wanyama walikufa. Twaona mambo mawili: mbegu yetu ina nguvu, na nguvu isiyochaguliwa ni hatari.

Wengine hujibu kwamba nyuki hujichagulia malkia wenyewe. Ni kweli nusu. Yai litokalo malkia na litokalo mtenda kazi ni moja. Tofauti ni chakula. Mtoto alishwaye maziwa ya nyuki mfululizo, katika chumba kirefu kining'iniacho, hutoka malkia kwa siku 16. Mtenda kazi hutoka kwa siku 21. Lakini nyuki hulea mayai waliyo nayo tu. Mwenye kuamua yawe mayai ya nani ni mfugaji.

Basi afuate kazi hii. Atazame mizinga yake misimu miwili, aweke alama ule uliokaa, uliojaza, usiokimbiza watu njiani. Wakati wa maua mengi akate kutoka humo sega lenye mayai na watoto wasiopita siku moja tangu kuanguliwa, maana aliyekwisha kukua hutoa malkia hafifu. Alitie katika mzinga mdogo wenye nyuki wachanga wengi na asali ya kutosha, usio na malkia. Wenyewe watajenga. Fedha nyingi zimetumika kununua masanduku ya mbao, na sanduku zuri lenye malkia mbaya ni sanduku tu.

Liko jambo moja ambalo mtu peke yake haliwezi. Malkia mchanga huruka mbali, hupandwa hewani na madume zaidi ya 10, na mbegu hiyo huihifadhi maisha yake yote. Madume hayo hutoka katika mizinga ya majirani. Jirani achomaye makundi mema na kuyaacha makali humharibia mwenzake kazi, ingawa hajakanyaga shamba lake.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wa vikundi vya wafugaji: kabla ya kuomba mizinga mipya, leteni daftari lionyeshalo ni mizinga ipi ya wanachama imekaa misimu miwili, na ni mingapi imezalishwa kutoka humo.