Feisal ya 1965: Nani Atatusimulia?

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi ufuoni hapa Shanzu nikiwatazama vijana wakicheza kandanda. Maji yakikupwa, mchanga wa Shanzu huwa uwanja wa bure, hauna kiingilio wala refa. Mara akaja mzungu mmoja mzee, mgeni wa mojawapo ya hoteli zetu, akaomba kuketi. Nikamkaribisha. Alitoka Melbourne, Australia, na nilipomsikia akizungumza nikatambua kuwa ana maradhi kama yangu, maradhi ya mpira.

Mpira wao, ndugu msomaji, si huu wetu. Gozi lao lina umbo la yai, hupigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono, wachezaji kumi na wanane kila upande, na lango lina milingoti minne. Ukiupenyeza kwa mguu baina ya milingoti miwili ya kati, pointi 6. Ukipita pembeni, baina ya mlingoti wa kati na wa nje, waambulia pointi 1. Nikamwuliza, "Yaani kwenu hata aliyekosa hulipwa?" Akacheka sana, kisha akanitaka nistahamili, maana pointi hiyo moja ina kisa chake.

Yeye ni shabiki wa St Kilda. Ligi yao ilianza 1897 na St Kilda wamo tangu mwaka huo wa kwanza, lakini ubingwa wameupata mara moja tu. Mwaka 1965 walifika fainali wakapigwa na Essendon, 105 kwa 70, mbele ya watazamaji 104,846. Hebu itazame hesabu hiyo: hata wale sita wa mwisho hawakuachwa. Mwaka uliofuata, 1966, wakarudi fainali kukutana na Collingwood. Mchezo unakaribia kwisha, timu zi sawa kwa sawa, 73 kwa 73, ndipo kijana wao Barry Breen alipoupiga mpira ukayumbayumba na kupita pembeni. Pointi 1! St Kilda 74, Collingwood 73. Imepita miaka karibu sitini, na mzee yule alipolitaja jina la Breen sauti ilimtetemeka kama ya bwana arusi.

"Na hapa kwenu?" akaniuliza. "Mwaka ule wa 1965 nani alikuwa bingwa?"

Nikakohoa, nikajiweka sawa, maana jibu nilikuwa nalo. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, mwaka wa uhuru, na bingwa wake wa kwanza ni Nakuru All-Stars. Mwaka 1964 wakachukua Luo Union. Mwaka 1965 ubingwa ukateremka hadi Pwani, ukatua Mombasa mikononi mwa Feisal. Mwaka 1966 ukapanda tena bara na Abaluhya, na mpaka leo haujateremka tena. Bandari waliukaribia, wakawa wa pili 2018 na wa pili tena msimu wa 2018/19, mara zote mbili nyuma ya Gor Mahia. Kwa hiyo nikamwambia, mzee mwenzangu, sisi na St Kilda ni ndugu, kila mmoja ana wake mmoja tu.

Alifurahi kweli. Akasogea karibu, akasema, "Haya, nisimulie."

Nikanyamaza.

Msimu ule nilikuwa sijazaliwa. Nilichonacho ni makombo ya barazani, na barazani kila mwenye mjomba, mjomba wake ndiye aliyetia bao. Chuoni mwalimu wetu hakupokea habari isiyo na mnyororo: umeipata kwa nani, naye kaipata kwa nani, na huyo wa mwisho alikuwapo? Kwa mizani hiyo mimi sikuwa na la kumwambia mgeni. Nikamwita kijana mmoja aliyevaa fulana nyekundu ya Liverpool, nikamwuliza kama amepata kuisikia Feisal. "Ni nani huyo, Ustadhi?" Wala hakujua kwamba Mombasa ilikuwa na Liverpool yake, iliyokuja kuitwa Mwenge, na kwamba mji ulikuwa ukigawanyika baina yake na Feisal. Sikumlaumu. Angeyajulia wapi?

Lawama naianzia nyumbani. Sisi washairi wa Pwani hatuna uvivu wa kutunga. Tumetungia arusi, tumetungia talaka, tumewatungia wagombea viti waliotulipa nauli na wengine ambao hata nauli hawakulipa. Mimi mwenyewe niliwahi kumlilia paka kwa beti kumi na mbili, zikachapwa! Lakini mwaka ambao mji wetu ulikuwa juu ya nchi nzima sijautungia hata kibwagizo. Kisha tukikutana tunalalama kuwa Pwani imesahauliwa.

Nafasi nilikuwa nayo. Nilipokuwa nikikaa Kisauni tulikuwa na jirani, mzee mtaratibu, ambaye ujanani mwake alikuwa akiwachukulia wachezaji wa Feisal viatu vyao. Kila tukitoka msikitini hunishika mkono: "Mwanangu, njoo siku nikupe habari za mpira." Nami humjibu, "Inshallah, Ijumaa." Zikapita Ijumaa za miaka minne. Siku niliyoingia nyumbani kwake niliingia na wazikaji.

Wako watakaosema magazeti ya siku hizo, Baraza na Taifa, yapo kwenye hifadhi, aendaye na asome. Kweli, na mtu aende. Lakini gazeti litakupa mabao. Halitakwambia jioni ile Makadara na Majengo kulikuwaje, nani alipika, nani aligombana na mkewe kwa kurudi alfajiri.

Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa ilipita ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya, akishirikiana na mmisionari Taylor, na diwani ikaja kuchapwa 1940. Sikujua asingejisumbua, leo tungekuwa na jina la Muyaka na sifa zake, basi. Feisal ndiko iliko hivi sasa: katika orodha ya mabingwa ina mstari mmoja, mwaka na jina. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amepita themanini. Waliobaki ni wachache, na wengine masikio yamekuwa mazito.

Mgeni wangu amekwisha rudi kwao. Kabla ya kuondoka aliniandikia anwani yake kwenye kikaratasi, ati nimpelekee habari za Feisal nikizipata. Kikaratasi ki mfukoni mwa kanzu. Nimenunua daftari, na nimeambiwa yuko mzee Majengo aliyekuwa akisimama nyuma ya lango la Feisal kila mechi. Sikumwahidi Ijumaa. Kesho asubuhi napanda matatu.