Wapagazi wa Pwani waandikwe majina

Rubani wa kivita wa Kijerumani Heinrich Ehrler, aliyepigana katika anga la kaskazini ya mbali, Norwei na Finland, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, hana pengo katika kumbukumbu zake. Inajulikana kwamba alihesabiwa kuangusha ndege zaidi ya 200. Nishani zake zinajulikana. Kesi yake katika mahakama ya kijeshi, alikobebeshwa lawama ya kuzamishwa kwa manowari ya Tirpitz Novemba 1944, imeandikwa na kuchambuliwa na wengi. Aliuawa angani Aprili 1945, na hilo nalo limo kitabuni.

Eneo hili la Pwani nalo lilikuwa na rubani wake wa Kijerumani, miaka 30 kabla ya hapo. Bruno Büchner aliingia Dar es Salaam mwaka 1914 na ndege moja, kwa ajili ya maonyesho ya koloni yaliyopangwa kufanyika Agosti. Vita ya Kwanza ya Dunia ikazuka, maonyesho yakafa, ndege ikachukuliwa na jeshi. Ndiyo iliyokuwa ndege pekee ya Wajerumani katika koloni zima. Büchner alijeruhiwa. Novemba mwaka huohuo ndege hiyo ilianguka na kumuua Luteni Erich Henneberger. Kwa kipimo chochote, mchango wa Büchner katika vita ulikuwa mdogo. Hata hivyo maisha ya Büchner yamehifadhiwa tangu alipokuwa mshindani wa mbio za baiskeli, hadi alipomiliki hoteli Obersalzberg, jirani na nyumba ya Hitler, hadi kifo chake mwaka 1943.

Upande wa Waingereza hali ni hiyohiyo. Rubani Dennis Cutler, raia aliyekodiwa kutoka Durban pamoja na ndege yake, ndiye aliyeiona manowari ya Königsberg ikiwa imejificha katika delta ya Rufiji mwishoni mwa 1914, kabla injini haijamsaliti na yeye kutekwa. John Cull na mwenzake Arnold waliruka kutoka Mafia Julai 11, 1915, wakaelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey, na wakaendelea kutuma ishara hata ndege yao ilipopigwa na kushuka kuelekea mtoni. Königsberg iliangamizwa siku hiyo. Majina ya marubani, ya nahodha wa Königsberg Max Looff, ya meli na ya ndege, yote yapo, na tarehe zake zipo.

Sasa atafutwe mtu mmoja, mmoja tu, wa Kisarawe, Kibaha, Rufiji au Mafia aliyetumikishwa katika mapambano hayo. Orodha hakuna. Uwanja wa ndege wa Mafia haukufyekwa na marubani. Mizinga 10 ya Königsberg haikujibeba. Ilitolewa katika matope ya delta na kuburutwa kwa mikono ya mamia ya watu, nchi kavu, hadi karakana za reli za Dar es Salaam, kupitia nchi ambayo leo ni Kibiti na Mkuranga, na Mkuranga hiyo hadi miaka ya 1990 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisarawe. Mitatu kati ya mizinga hiyo inatunzwa hadi leo: mmoja Pretoria, mmoja Mombasa katika Ngome ya Yesu, mmoja Jinja. Chuma kimefuatiliwa kilipo. Waliokiburuta hawakufuatiliwa na yeyote.

Huo si upungufu wa bahati mbaya. Ni matokeo ya maamuzi, na maamuzi hayo yana wenyewe.

Wa kwanza ni wakoloni. Dar es Salaam ilipoangukia mikononi mwa Waingereza Septemba 4, 1916, vita ilisogea kusini kuelekea Rufiji, na njia ya huko ilikuwa nchi ya Wazaramo. Majeshi yote mawili yalihitaji wabeba mizigo kuliko yalivyohitaji bunduki, kwa sababu mbung'o aliua wanyama wa kubeba na mvua ilifuta barabara. Watu walichukuliwa kwa ujira au kwa nguvu, mara nyingi kwa nguvu. Kumbukumbu za Uingereza zinakiri vifo vya wapagazi wapatao 95,000 upande wake pekee, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Wajerumani hawakuacha hata hesabu ya kubishaniwa. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara damu na homa ya mapafu, chini ya mizigo ya watu wengine. Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 4, 1917, ana kaburi linalotembelewa na watalii, na pori zima lilipewa jina lake. Wapagazi waliofia bonde hilohilo msimu huohuo hawana hata kibao.

Uingereza haiwezi tena kusema haikujua. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika utumishi wa dola hiyo hawakuenziwa kwa majina yao, au hawakuenziwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Januari 2025 mnara ulizinduliwa Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika kazi za vita hiyo, wengi wao wakiwa wametumikia huku Afrika Mashariki. Kwa hiyo inawezekana. Mwananchi wa Kisarawe ana haki ya kuuliza kwa nini mnara wa namna hiyo umesimama Cape Town na si katika nchi ambamo watu hao walifia.

Ujerumani nayo ina deni lake, na rekodi yake ni mbaya zaidi. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alitumikia jeshi la Kijerumani akiwa mtoto, pamoja na baba yake. Alipohamia Berlin alidai mishahara ambayo familia haikulipwa. Alikataliwa. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata, na Novemba 1944, mwezi uleule Tirpitz ilipozama, alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wakongwe waliokuwa bado hai. Wapagazi hawakuwa katika hesabu hiyo. Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea Novemba 1, 2023 na kuomba msamaha kwa maovu ya Vita ya Maji Maji. Ni hatua ya heshima, lakini ilihusu vita ile. Vita ya 1914 hadi 1918 ni shauri jingine, na halijafunguliwa.

Lakini lawama haiwezi kuishia Berlin na London. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Tangu hapo hakuna mkoloni aliyewazuia viongozi wa Mkoa wa Pwani, wala wizara zinazohusika, kutuma watu vijijini na kalamu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi kwa mkupuo, na serikali zote zilizofuata zimeridhika na mkupuo huo. Kwa zaidi ya nusu karne palikuwa na wazee waliobeba mizigo hiyo wenyewe, wakiwa hai Maneromango, Soga, Ruvu na Utete. Walizikwa bila kuhojiwa kwa utaratibu. Uzembe huo si wa Kaiser.

Itajibiwa kwamba muda umepita na ushahidi haupo. Jibu hilo halikubaliki. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza nyaraka za utawala wa Kijerumani zenye thamani iliyotambuliwa na dunia: UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Nchi iliyokubali heshima hiyo haina budi kuzisoma. Na wajukuu wa wapagazi wapo, ingawa sasa nao ni wazee. Wanajua babu yupi hakurudi, na alichukuliwa kutoka kitongoji gani.

Itasemwa pia kwamba nchi ina mahitaji ya haraka zaidi: maji, zahanati, madawati. Ni kweli, na hakuna anayetaka zahanati isubiri. Lakini kazi inayodaiwa hapa haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Inahitaji watafiti wachache, vinasa sauti, maofisa utamaduni ambao tayari wanalipwa mshahara, na amri iliyoandikwa. Halmashauri zinazopata fedha za mbio za mwenge na za sherehe za kila aina haziwezi kudai kwamba hili limezishinda kwa ukata.

Norwei imeonyesha namna. Viwanja vya ndege, barabara na reli za Wajerumani kaskazini mwa nchi hiyo vilijengwa kwa jasho la mateka wa vita wa Kisovyeti. Takriban 100,000 walipelekwa Norwei, na karibu 13,700 hawakutoka hai. Kwa miaka mingi walikuwa namba tu, na mwaka 1951 serikali iliamuru makaburi yao yafukuliwe na mifupa ikazikwe kwa pamoja kisiwani Tjøtta, jambo ambalo Wanorwei wenyewe walilipinga na bado wanalionea aibu. Lakini hawakuishia kwenye aibu. Kituo cha Falstad kilichambua kumbukumbu za Wajerumani na za Wasovyeti, kikaoanisha namba na watu, na maelfu ya majina sasa yanaweza kusomwa na mtu yeyote. Hao hawakuwa hata raia wa Norwei. Walikuwa wageni waliokufa katika ardhi yake, na nchi hiyo ikaona inawajibika. Tanzania inasuasua kuwatafuta babu zake yenyewe.

Na Norwei si ngeni Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordiki, ikiwamo hiyo pamoja na Finland, zilikubaliana kujenga pale shule, huduma za afya na kituo cha mafunzo ya wakulima, mradi uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 na ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Maeneo ya kaskazini ya nchi hizo mbili yalikuwa yameteketezwa na jeshi la Kijerumani lililokuwa likirudi nyuma mwaka 1944, chini ya miaka 20 kabla. Uhusiano huo upo na unafanya kazi. Ukitumika kuomba ujuzi wa kuoanisha nyaraka na majina, gharama yake ni barua.

Yanayopaswa kufanywa yanajulikana, kwa hiyo yasizungushwe kwa kuundiwa kamati. Wizara ya Maliasili na Utalii, kupitia Idara ya Malikale na Makumbusho ya Taifa, itangaze nani anasimamia kazi hii, kwa cheo chake, na lini atatoa taarifa ya kwanza hadharani. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa iliyopo Kibaha ielekeze halmashauri zote za Pwani, kuanzia Kisarawe na Kibaha zenyewe, zikusanye ushuhuda wa koo kabla ya mwaka wa fedha ujao kwisha, na nakala zikabidhiwe Nyaraka za Taifa badala ya kuozea kwenye makabati ya wilaya. Shirika la Elimu Kibaha na shule ya Minaki zina walimu na wanafunzi wanaoweza kuifanya sehemu ya kazi hiyo wakati wa likizo, ikiwa wizara ya elimu itaipa nafasi katika somo la historia.

Wizara ya Mambo ya Nje nayo isikae kimya. Imuulize balozi wa Uingereza, kwa maandishi, Tume ya Makaburi imepanga nini kwa Tanzania na kwa tarehe ipi, kwa kuwa radhi ya 2021 ilitolewa bungeni na haiwezi kuachwa ibaki maneno ya bungeni. Imuulize balozi wa Ujerumani iwapo hifadhi ya nyaraka za kijeshi ya Freiburg itawafungulia watafiti wa Kitanzania nyaraka za jeshi la koloni bila malipo, na nani atagharamia tafsiri. Majibu yachapishwe. Yasipokuja, hilo nalo lichapishwe.

Suala la mizinga linaweza kusubiri. Kuidai Pretoria au Mombasa chuma cha Rufiji kabla ya kuwajua waliokiburuta ni kuanza mwisho, na wanasiasa watakaokimbilia huko kwa sababu mzinga hupigwa picha vizuri waambiwe hivyo mapema.

Büchner hana hatia katika hili. Hakuna rubani anayelaumiwa kwa kukumbukwa. Wanaolaumiwa ni wenye ofisi, kuanzia Dar es Salaam na Dodoma hadi Kibaha na Kisarawe, ambao kwa zaidi ya miaka 60 wamekuwa na nyaraka, mamlaka na mashahidi, wakachagua kutofanya lolote. Waanze na kijiji kimoja, mwezi huu.