Mwanafunzi Atajichagulia Wapi? Rai Kuhusu Maktaba za Shule

Miongoni mwa mambo ambayo Mtaala wa Umilisi umemletea mwalimu wa Kiswahili tangu uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, kuna kipengele kimoja ambacho, kwa maoni yangu, hakijajadiliwa ipasavyo katika makongamano yetu. Kipengele chenyewe ni kusoma kwa mapana, na ndani yake, matini ya kujichagulia. Mwanafunzi anatarajiwa kutazama vitabu, kuchagua kimoja kinachomvutia, kukisoma kwa wakati wake na kisha kuwasimulia wenzake alichokisoma. Kitenzi cha kuzingatiwa hapa ni kujichagulia. Kuchagua huhitaji viwili au zaidi. Penye kitabu kimoja hapana uchaguzi. Pana ugawaji tu.

Makala hii inanuia kutoa rai kuhusu namna maktaba za shule zinavyoweza kupangwa na kuimarishwa katika eneo moja la kiutawala, yaani kaunti ndogo, ambayo wakubwa wetu wangali wanaiita wilaya. Nitautumia mfano wa kaunti ndogo ya Voi katika Kaunti ya Taita-Taveta, mahali ninapopafahamu. Ninashikilia kwamba mpango wa maktaba za shule hauanzi na jengo, wala hauwezi kufaulu ukiachiwa kila shule ijitafutie. Huanza na hesabu ya anwani zinazomfikia mtoto.

Ninasema anwani makusudi, wala sisemi nakala. Hapa ndipo tunapojidanganya. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa baadaye hadi shilingi 1,420. Fedha hizo hazikuwa za vitabu pekee, na hata zingalikuwa hivyo, kitabu cha kiada ndicho kingalitangulia. Mwaka 2018 serikali ilianza kusambaza vitabu vya kiada moja kwa moja hadi shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na nakala yake katika kila somo. Hilo ni jambo la kupongezwa, na mwalimu aliyewahi kufundisha darasa la wanafunzi sita wanaochungulia kitabu kimoja hawezi kulibeza. Hata hivyo, vitabu hivyo vilihitaji mahali pa kuwekwa, na pahali palipopatikana katika shule nyingi ni kile chumba kilichoandikwa Maktaba mlangoni. Shule sasa ina nakala elfu kadhaa na anwani chache mno. Afisa akifika na kuuliza kama kuna maktaba, anaonyeshwa rafu zilizojaa, naye anaandika kwamba ipo.

Katika shule za sekondari hali ni ya kuchekesha kidogo, kama si ya kusikitisha. Anayeingia maktabani anaweza kuzisoma rafu kama mwanajiolojia anavyosoma tabaka za mwamba. Chini kabisa pana Utengano, nakala arubaini zilizofunikwa vumbi. Juu yake pana Kidagaa Kimemwozea, kisha Chozi la Heri, halafu Nguu za Jadi. Kila kitabu kiliingia kilipoteuliwa kutahiniwa, na kikafa siku kilipoondolewa kwenye orodha. Mwanafunzi wa leo hasomi Siku Njema kwa sababu haimo katika karatasi ya tatu, ingawa sijapata kukutana na kijana aliyeianza akaiacha njiani. Ama kuhusu Kezilahabi wa Nagona na Mzingile, mwanafunzi hulisikia jina hilo kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mihadhara, akiwa na umri wa miaka ishirini, na sisi tunashangaa kwa nini anaziona kazi hizo kama mawe.

Nilifundisha kwa mihula miwili kama mwalimu wa bodi katika shule moja ya milima ya Taita. Maktaba ilikuwapo, tena safi. Ufunguo ulikaa kwa naibu wa mwalimu mkuu, na ombi la kuufungua mlango lilihitaji kuandikwa. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa upole kwamba vitabu vikiazimwa hupotea. Jibu hilo sikulidharau, kwani lina mantiki yake. Vitabu ni mali ya umma. Anayetia sahihi kuvipokea ndiye anayeulizwa mkaguzi anapofika, na nakala isiyoonekana huweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake. Kwa mpangilio huo, mwalimu mwenye busara hufunga mlango. Kitabu kisichosomwa hakipotei, hakichaniki, wala hakimwagiwi uji, na siku ya ukaguzi hung'aa kama kilivyotoka kiwandani.

Mpango wowote wa kaunti ndogo usiotatua hofu hii utajenga maghala mapya tu. Upotevu lazima ukadiriwe mapema na kuandikwa katika bajeti, kama vile chaki inavyokadiriwa kwamba itakwisha. Iwapo kamati ya mpango itakubali kwamba sehemu fulani ya vitabu vya hadithi itachakaa au kutoweka kila mwaka, na ikamwandikia mwalimu waraka wa kumwondolea lawama, milango itafunguka bila semina. Pia maswali ya mkaguzi yabadilike. Badala ya kuuliza vitabu vingapi vimo kabatini, aulize vingapi viko nje, majumbani mwa wanafunzi, siku hiyo anapozuru.

Kuna usemi uliozoeleka katika magazeti na hata katika majarida yetu, kwamba Wakenya hawana utamaduni wa kusoma. Nakiri kwamba usemi huu umenichosha. Wananadharia wa upokezi, akina Jauss na Iser, walitufunza kwamba matini hukamilishwa na msomaji, na kwamba msomaji huijia kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma awali. Je, upeo huo utajengwa na nini kwa mtoto ambaye kitabu cha pekee cha hadithi alichokigusa ni kile atakachotahiniwa? Kumlaumu kwa kutopenda kusoma ni kumlaumu aliyeonja chakula kimoja maisha yake yote, tena akiwa anapimwa jinsi anavyokitafuna.

Tugeukie swali la nani mwenye jukumu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kuhusu elimu, kaunti zilipewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ilhali shule za msingi na za sekondari pamoja na mitaala na mitihani zilibaki kwa serikali ya taifa. Basi maktaba ya shule ni mali ya nani? Ni maktaba, kwa hiyo ni ya kaunti. Imo shuleni, kwa hiyo ni ya wizara. Mwalimu mkuu anayebisha hodi upande mmoja huweza kuelekezwa upande wa pili, akarudishwa tena alikotoka. Mkutubi naye, pale alipo, aghalabu huajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule kwa karo za wazazi, na katika shule za msingi za kutwa mtu wa namna hiyo ni nadra kama mvua ya Januari.

Dawa ya kisheria ipo. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu jukumu kuhamishwa kutoka ngazi moja ya serikali hadi nyingine kwa makubaliano. Vilevile, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda bodi za elimu za kaunti, na hiyo ndiyo meza iliyo karibu zaidi ambapo makubaliano kama hayo yanaweza kuandaliwa. Yatamke waziwazi kwamba kaunti itanunua na kuzungusha vitabu vya ziada, na wizara itatoa chumba, kipindi katika ratiba na mwalimu. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Pasipo kurasa hizo, hisani ya wafadhili itaendelea kuamua shule ipi ipate nini.

Sasa Voi. Mjini pana maktaba ya umma iliyoanzishwa kama tawi la Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Mwanafunzi wa mjini, akiwa na nia, hufika kwa miguu. Lakini kaunti ndogo hiyo hiyo ina Sagalla juu mlimani, na ina Kasigau, ambako msafiri hushika barabara kuu ya Mombasa hadi Maungu kabla ya kuingia njia ya Rukanga. Isitoshe, eneo hilo limepakana na mbuga ya Tsavo, na ndovu hawana ratiba. Mzazi hamruhusu mtoto kuzurura jioni kutafuta kitabu. Kwa mtoto wa huko, maktaba ya mjini ni habari tu. Ni sharti kitabu ndicho kisafiri.

Nchi hii haihitaji kufunzwa jambo hilo na wageni. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa hadi kwa jamii za wafugaji na shule zao, na habari za ngamia hao zikaenea duniani. Kilichosifiwa na wengi ni ngamia. Kilichostahili sifa, kwa maoni yangu, ni utaratibu: sanduku linafika, linabaki kwa muda unaojulikana, kisha linabadilishwa na jingine.

Tuufanyie hesabu utaratibu huo. Chukua kanda moja yenye shule kumi. Tayarisha masanduku kumi, kila moja likiwa na anwani arubaini zisizopatikana katika masanduku mengine. Kila shule ipokee sanduku moja mwanzoni mwa muhula na kulipeleka kwa jirani muhula unapokwisha. Kwa mihula mitatu ya mwaka, mtoto wa Gredi ya 4 atapitiwa na anwani 120 kabla hajaingia Gredi ya 5, na masanduku yote kumi yatakuwa yamemfikia katika miaka mitatu na muhula mmoja. Hizo ni anwani 400. Kila shule ikinunua peke yake kwa fedha zile zile, ingepata arubaini, na zote kumi pengine zingenunua arubaini zile zile. Pikipiki mbili na daftari moja la makabidhiano vinatosha kulisafirisha sanduku. Jengo litakuja baadaye, likija.

Mtu wa kuongoza mzunguko huu pia yupo. Tume ya Huduma za Walimu ina maafisa wa kusaidia mtaala katika kanda, ambao huzuru shule kwa kazi yao ya kawaida. Shuleni kwenyewe, achaguliwe mwalimu mmoja anayependa hadithi, tena apunguziwe vipindi. Sharti la kupenda silitii kwa mzaha. Maktaba iliyokabidhiwa mwalimu kama adhabu, au kwa kuwa yeye ni mgeni na hawezi kukataa, hufa kabla ya likizo ya Aprili.

Kuhusu kilichomo sandukuni, nina neno zaidi kama mwanafunzi wa fasihi. Shule zetu hupokea vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vingi vikiwa vya Kiingereza na vya watoto wanaocheza katika theluji. Havina ubaya, lakini mtoto wa Gredi ya 4 anayetakiwa kujichagulia matini ya Kiswahili hatazipata humo. Mpango wa kaunti ndogo uweke kiwango: angalau nusu ya anwani ziwe za Kiswahili, za waandishi wa pande zote za Afrika Mashariki. Majirani zetu wa Tanzania walilishika jambo hili mapema. Mradi wao wa vitabu vya watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, uliwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu kubwa ya nakala za kitabu kilichoidhinishwa ingenunuliwa na kupelekwa shuleni. Mchapishaji aliyehakikishiwa mnunuzi huthubutu kuchapisha hadithi. Huku kwetu mchapishaji hungoja orodha ya vitabu teule, na mwandishi chipukizi hungoja pamoja naye. Kaunti 47 zikiamua kununua fasihi ya watoto ya Kiswahili, hata kwa kiasi kidogo, miswada iliyolala katika droo zetu itaamka.

Wapo watakaosema kwamba vishikwambi vilivyogawiwa shule za msingi kuanzia mwaka 2016 vimeyapitisha haya yote. Vishikwambi vinafaa pale vinapochajiwa na kutumiwa. Navyo pia nimeviona vimefungiwa, katika kabati lile lile, kwa hofu ile ile.

Wanachama wenzangu, kila mwaka chama hiki huwatawanya wanachama wake nchini kwa mazoezi ya ufundishaji, nao hukaa shuleni muhula mzima. Hakuna idara ya serikali inayopata wachunguzi wa bei nafuu kiasi hicho. Napendekeza kila mmoja aende na fomu ya maswali manne: shule ina anwani ngapi za fasihi ya Kiswahili zisizo vitabu teule, kitabu cha mwisho kiliazimwa tarehe gani, nani anaushika ufunguo, na nani hulipa kitabu kikipotea. Fomu zikirejeshwa, katibu azipange kwa kaunti ndogo, na nakala ziwasilishwe kwa bodi za elimu za kaunti husika pamoja na barua ya chama. Fomu yenyewe haizidi ukurasa mmoja, na wanaokwenda mazoezini muhula ujao wanaweza kuanza nayo.