Wagonjwa wa saratani Bomet washirikishwe utafiti unapopangwa

HUKU watafiti wakizidi kusaka chanzo cha saratani ya umio, ambayo kwa miaka mingi imewaandama wakazi wa Bomet na Kericho, suala la nani aamue kitakachochunguzwa halijapewa uzito unaostahili.

Wengi hufika Hospitali ya Tenwek wakiwa hawawezi tena kumeza, na huwekewa kijibomba cha kupanua njia ya chakula. Mwaka 2019, matokeo ya utafiti uliofanywa Eldoret yalihusisha maradhi hayo na unywaji wa chai moto mno. Mursik nayo imewahi kuchunguzwa.

Lakini chai ndiyo riziki ya eneo hili, na mursik ni heshima ya boma. Matokeo yakitangazwa bila wenyewe kushirikishwa, yatasikika kama shutuma. Isitoshe, anayeshindwa kumeza hata uji huenda angetaka kwanza kujua ni kwa nini ugonjwa haukutambuliwa mapema.

Kericho si mgeni wa ushirikishaji. Watafiti wa Ukimwi wa Kemri, wakishirikiana na jeshi la Marekani, waliunda huko bodi ya ushauri ya wanajamii. Ugumu wa saratani hii ni kuwa wengi hufariki kabla ya mwaka kuisha. Kwa hivyo bodi yake haina budi kujumuisha jamaa waliowauguza, na iitwe kabla maswali hayajaandikwa, si baada ya fedha kutolewa.