Treni za Mitumba: Tunauliza Swali Lisilo Lenyewe



Kila inapotajwa reli ya nyumbani, baadhi yetu huku ughaibuni tuna wimbo mmoja: "Kwa wenzetu mambo haya hayapo." Kenya iliponunua treni za dizeli zilizotumika kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, na kuziingiza kazini Nairobi mwaka 2020, wimbo ukapigwa kwa sauti ya juu. Mitumba! Wazungu wametutupia uchafu wao! Mimi naishi kaskazini mwa Uingereza, West Yorkshire, na nasema wazi kwamba wanaoimba hivyo ama hawajawahi kutoka London, ama hawapandi treni.

Naomba niwaeleze habari ya Pacer.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika la reli la Uingereza, British Rail, ambalo wakati huo lilikuwa mali ya serikali, lilikuwa na treni za dizeli za abiria za miaka ya 1950 zilizochoka kabisa. Serikali haikutaka kutoa fedha. Wahandisi wakafanya nini? Wakachukua bodi la basi la Leyland National, wakalipachika juu ya fremu iliyotokana na behewa la mizigo. Injini chini ya sakafu, hakuna kichwa cha kuvuta, milango ya basi, viti vya basi vya kukaa mmebanana. Kila behewa lina ekseli mbili tu, yaani magurudumu manne, wakati behewa la kawaida la abiria lina manane yaliyofungwa kwenye fremu ndogo zinazogeuka na kona. Hizi hazigeuki. Kwa hiyo kwenye kona zinapiga yowe, na kwenye viungo vya reli zinaruka, mpaka wenyeji wakazibandika jina la punda anayetikisa kichwa. Aliyewahi kupanda daladala la Mbagala wakati wa masika atazitambua mara moja, isipokuwa hapa hakuna konda wa kukuchekesha.

Mfano wa kwanza ulitoka mwaka 1980. Kundi kubwa kuliko yote, namba 142, lilitengenezwa kati ya 1985 na 1987, treni 96 za mabehewa mawili mawili. Zilikusudiwa zidumu miaka 20 kwa wingi. Zikadumu zaidi ya 30. Huku kaskazini zilistaafu mwaka 2020, na za mwisho kabisa, Wales, mwaka 2021. Ndugu zangu, TRENI ILIYOJENGWA KWA BODI LA BASI ilikuwa ikibeba watu Leeds, Manchester na Cardiff katika moja ya nchi tajiri kuliko zote duniani, miaka kumi na zaidi baada ya muda wake kwisha. London wao hawakuzijua. Na nyingi za kundi la 141 ziliuzwa Iran, kwa hiyo hata hizo zilipata mtu wa kuvaa mitumba yake.

Mwaka 1999, pale Winsford, Pacer iliyokuwa tupu, yenye dereva peke yake, ilipita taa nyekundu ikagongwa na treni ya mwendo kasi. Bodi lake liliharibika vibaya mno. Kila aliyeona picha zake alijiuliza ingekuwaje kama ingekuwa saa ya watu kurudi kazini. Zikaendelea kutembea miaka mingine 20.

Kwa nini? Hapa ndipo penye siasa.

Miaka ya 1990 British Rail ilikatwa vipande vipande na kubinafsishwa. Treni zote zikapewa makampuni matatu ya kukodisha, halafu makampuni hayo yakauzwa. Moja, Porterbrook, serikali iliiuza Januari 1996 kwa pauni milioni 528 hivi. Mwaka huo huo walioinunua wakaiuza tena kwa pauni milioni 825 hivi. Tofauti hiyo ni mali ya umma iliyopitia mlango wa nyuma, na ilifanywa kwa sheria ya bunge, mchana kweupe. Tangu hapo kampuni inayoendesha treni haina treni. Inakodi. Treni kuukuu iliyokwisha kulipiwa na walipa kodi inaendelea kumletea mwenyewe kodi ya pango kila mwaka. Nani atakuwa na haraka ya kuitupa? Juu ya hapo, mkataba wa mwaka 2004 wa kuendesha treni za kaskazini uliandikwa kwa dhana kwamba abiria hawataongezeka. Wakaongezeka, wakasimama kwenye Pacer.

Lakini kuna jambo moja nawavulia kofia Waingereza. Mwaka 2015 Katibu Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi alimwandikia waziri wake, Patrick McLoughlin, kwamba kwa hesabu za kitaalamu kulazimisha Pacer ziondolewe si matumizi mazuri ya fedha. Waziri akajibu kwa maandishi: ziondolewe. Ndiyo, uchaguzi ulikuwa miezi michache mbele, mimi si mtoto. Ila barua zote mbili ZILICHAPISHWA. Mwananchi alijua nani alishauri nini na nani aliamua. Wakati ule ndipo punda akaanza kufa.

Sasa turudi nyumbani. Mitumba yenyewe siioni kuwa aibu. Treni za Mallorca zilikuwa na akili ndani yake: reli ya kisiwa kile ina upana wa mita moja, sawasawa na reli ya zamani ya Afrika Mashariki, wakati Pacer isingeingia hata bure. Dar es Salaam nayo ilipoanzisha treni ya Mwakyembe Oktoba 2012, ilitumia vichwa na mabehewa ya zamani yaliyokarabatiwa, na watu waliipanda kwa furaha kwa sababu iliwapunguzia foleni. Mtu wa Ubungo haulizi behewa lilizaliwa mwaka gani. Anauliza atafika saa ngapi.

Kilichotuumiza ni kingine. Mwaka 2007 tuliwapa RITES ya India asilimia 51 ya reli ya kati kwa mkataba wa miaka 25. Vichwa na mabehewa yakaletwa kwa KUKODI kutoka India. Haikufika hata miaka mitano serikali ikachukua hisa zake tena, na reli ikiwa hoi kuliko ilivyokuwa. Mlioko Tabora na Kigoma mnakumbuka. Wakati huo sisi huku tulikuwa tunabishana kuhusu rangi za Wahindi badala ya kuuliza kodi ya kichwa kimoja ni kiasi gani, inalipwa kwa nani, na kikiharibika anatengeneza nani.

Leo tuna treni ya umeme. Tangu 2024 Dar hadi Dodoma ni safari ya kujivunia, nami sitaki kuwa mchawi. Lakini reli ya mita moja bado ipo, na watu wake wapo, na wao ndio watu wa kaskazini wa Tanzania kwa maana ya huku kwetu: watakaoambiwa wasubiri. Huko treni ndogo za dizeli, mpya au kuukuu, zitahitajika siku moja. Zikinunuliwa, nataka kuona umri wake, tarehe ya kustaafu, karakana itakayozihudumia na vipuri vyake. Zikikodiwa, nataka kuuona mkataba.

Mwenye mkataba wa RITES kamili, si muhtasari wa magazeti, tafadhali auweke hadharani tuusome pamoja.

Nawasilisha.