Vitamini si Mbadala wa Dawa ya Akili

Katika maduka ya dawa ya Ujiji na Mwanga, na hata mikononi mwa wachuuzi wanaopanda mabasi, vidonge vya multivitamini vinauzwa kwa wingi. Muuzaji husema vinaongeza damu, nguvu na hamu ya kula. Wengine huongeza kwamba vinaimarisha ubongo. Neno hili la mwisho ndilo linalotuletea matatizo, kwa sababu miongoni mwa wanunuzi wamo ndugu wa wagonjwa wa akili, ambao wamechoka kumwona mtu wao akimeza dawa miaka nenda rudi.

Leo nazungumzia hasa ugonjwa ambao kuna wakati humpandisha mtu na kuna wakati humshusha. Akipanda halali, husema bila kupumzika, hugawa mali na kuanza shughuli kumi kwa siku moja. Akishuka hujifungia ndani, hukataa chakula na kutamani kufa. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa za kusawazisha hisia. Katika hospitali zetu zinazotumika zaidi ni kabamazepini na sodiamu valproeti, ambazo pia ni dawa za kifafa. Zipo na nyingine, kama lithiamu na lamotrijini.

Swali tunaloulizwa ni hili: "Sista, vidonge vya vitamini vinapatana na dawa zake?" Jibu langu ni kwamba kwa kawaida multivitamini, ikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, haigombani na dawa hizi. Ubaya huanza pale vitamini inapochukua nafasi ya dawa.

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wanne ambaye amekaa vizuri miaka miwili kwa kabamazepini. Anauza dagaa wake Kibirizi na hakuna anayemshangaa. Ndugu anamletea kopo la vitamini na kumwambia, "Dada, hizi ni salama, hizo za hospitali zitakumaliza." Siku za kwanza anajisikia mwepesi, maana ule usingizi wa dawa umemtoka. Watu wa nyumbani wanasema vitamini imefanya kazi. Baada ya majuma machache halali tena, na mtaji wa dagaa umegawiwa kwa wapita njia. Safari ya kwenda Maweni, au ya treni hadi Mirembe kule Dodoma, inaigharimu familia kuliko dawa za mwaka mzima. Tena kuacha dawa hizi ghafla kunaweza kuleta degedege, hasa kwa mwenye kifafa.

Yafaa ieleweke kwamba vitamini ni sehemu ya chakula. Humfaa mtu aliyepungukiwa nayo, lakini haina uwezo wa kuzuia ugonjwa huu usirudi. Na kwa mtu anayekula maharage, mchicha, matembele, dagaa pamoja na mifupa yake, na mboga iliyoungwa kwa mawese yetu mekundu, sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kopo tayari iko sahanini.

Hata hivyo, yako mambo machache ambayo mgonjwa hana budi kuyajua.

Kwanza, kabamazepini hulifanya ini lifanye kazi kwa kasi zaidi. Kwa sababu hiyo, kwa anayeitumia muda mrefu, vitamini D na asidi ya foliki huweza kupungua mwilini. Hapo daktari anaweza yeye mwenyewe kuandika vitamini. Anayetumia dawa hii aepuke balungi na juisi yake, kwani huongeza kiasi cha dawa katika damu. Na akitokewa na upele au vidonda mdomoni, asiseme ni vitamini tu zimemkataa. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni mzio mkali wa dawa.

Pili, anayetumia lamotrijini asijiongezee asidi ya foliki bila kuuliza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu wagonjwa 202 waliokuwa katika hali ya kushuka, ulionyesha kwamba lamotrijini iliwasaidia wale wasiopewa asidi ya foliki, lakini faida hiyo haikuonekana kwa waliopewa vyote viwili. Utafiti mmoja hautoshi kufunga mjadala, ila unatosha kumfanya mtu aulize kwanza.

Tatu, lithiamu huhitaji damu ipimwe mara kwa mara. Multivitamini ya kawaida si tishio kwake. Tishio ni kuharisha, kutapika, kubadili ghafla kiasi cha chumvi katika chakula, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua bila kufikiri. Mgonjwa akianza kutetemeka sana, kuyumba au kusema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo linawahusu akina mama na mabinti. Sodiamu valproeti humdhuru mtoto tumboni. Kwa makadirio, kati ya watoto kumi waliokuwa tumboni mama akitumia dawa hii, mmoja huzaliwa na kasoro ya mwili, kama vile mgongo wazi, na watatu hadi wanne huchelewa kukua kiakili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dawa hii isiandikwe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kupata mimba.

Wapo wanaodhani kwamba vidonge vya damu vya kliniki ya wajawazito vinatosha kumkinga mtoto huyo. Havitoshi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya majuma manne tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Anayekwenda kliniki mwezi wa nne amechelewa kwa jambo hili. Ndiyo maana madaktari huwaandikia wanawake wenye hatari kubwa asidi ya foliki ya miligramu 5 kabla ya mimba na katika miezi mitatu ya kwanza. Na hata kipimo hicho hakiondoi madhara ya valproeti. Kinga ya kweli ni kubadilishiwa dawa mapema, kabla ya mimba.

Huku kwetu penye malaria lipo na jingine. Asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku hupunguza nguvu ya SP, ile dawa wanayopewa wajawazito kuanzia mwezi wa nne ili kuwakinga na malaria. Kipimo kidogo cha miligramu 0.4 hakina shida hiyo. Kwa hiyo mama anayetumia vidonge vya miligramu 5 amwonyeshe muuguzi wa kliniki kabla ya kumeza SP.

Mama aliyekwisha kupata mimba akiwa kwenye valproeti asiiache mwenyewe kwa hofu. Amwone daktari upesi, kwani ugonjwa ukirudi au degedege ikimpata, mama na mtoto wote wako hatarini.

Maoni yangu ni haya. Sisi wauguzi tusimpe mgonjwa wa akili dawa za mwezi bila kumwuliza anameza nini kingine nyumbani, na tuulize kwa upole ili asifiche. Msichana anapoandikiwa valproeti, yeye na wazazi wake waelezwe habari ya mimba siku hiyo hiyo, wala tusione haya kwa kuwa hajaolewa. Wauza duka nao wamwulize mnunuzi, "Unatumia dawa gani nyingine?"

Nanyi ndugu wa wagonjwa, siku ya kliniki wekeni makopo yote katika mfuko mmoja mje nayo: ya hospitali, ya dukani na ya mchuuzi. Tutayapanga mezani pamoja nanyi na kuwaambieni lipi liendelee na lipi liachwe. Na kama fedha ni ya kununua kopo moja tu, nunueni dawa. Vitamini mtazipata sokoni, kwenye fungu la mchicha na kibaba cha maharage.